Maganda ya Ndizi ya Mama Hemedi

Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024

Nimeanza daftari la siri. Mume wangu Djuma hana habari nalo. Mama mkwe hasomi. Mwanangu Hemedi ana miezi tisa na anachotaka ni kula jalada tu.

Leo amefika hapa Lusangi mama mmoja kutoka Kasongo, kwa pikipiki. Vumbi mpaka kwenye kope. Jina lake Odile, fundi wa maji. Akina mama wote tukaitwa shuleni. Akasema ati kijito chetu kinaonekana maji, lakini ndani mna madini mazito: zebaki, ile merkiri wanayokamatia dhahabu kule juu, na risasi, na ndugu zao. Hayaonekani. Hayanuki. Ukichemsha, yanabaki palepale. Tukatazamana. Tumechemsha miaka yote!

Gérard, muuguzi wetu, akaongeza kwamba watoto wadogo wasionje tena maji yale, hata tone. Watekewe kwenye chemchemi ya nyuma ya kilima. Kwenda na kurudi, saa mbili! Mtoto mgongoni, dumu la bidon kichwani. Nikamtazama Hemedi. Alikuwa ananyonya kidole gumba kama chifu aliyeshiba.

Lakini Odile akasema dawa tunayo, tunaitupa kila siku. Maganda ya ndizi! Uyakaushe, uyatwange, uyajaze ndani ya ndoo, upitishe maji ya kijito. Maganda yanashika madini kama sufuria inavyoshika ugali. Makala, yaani makaa, ya maganda ya ngazi, zile kokwa za mchikichi, nayo yanashika. Akaleta ndoo mbili zenye robine, kibomba cha kufungulia maji, wajaribu watu wawili. Atakayetoa maji safi zaidi, pipa kubwa la mtaa la kuchujia maji litawekwa kwenye kiwanja chake.

Pipa! Kwangu! Hemedi akilia kiu, nanyoosha mkono tu.

Nikainua mkono. Emilienne, jirani yangu, akainua miwili. Tukapewa sisi.

Odile akasema mambo mengi pia juu ya maganda yakishatumika. Sikuandika. Hemedi alikuwa amekamata kalamu.

Jioni nikamweleza Djuma, maana yeye huosha udongo wa dhahabu kule juu na mimi huteka maji kule chini. Akasema ati merkiri ni ya wenzake. Yeye hutia kidogo tu.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nahitaji maganda mengi. Yakikauka yanasinyaa, yakitwangwa yanasinyaa tena. Ndizi zetu za mwezi mzima hazijazi hata bakuli.

Mpango! Nimepita nyumba kwa nyumba. Nikawaambia: nipeni maganda, nami nitawatwangia majani ya muhogo, sombe ya leo. Niliona ni akili kubwa. Wote wakakubali upesi. Upesi mno.

Kufika adhuhuri nilikuwa na maganda ya nyumba saba na vinu saba vinaningoja. Sikujua kwamba mtaa huu unakula sombe kiasi hiki. Viganja vyangu vimetoka malengelenge. Kwenye kinu cha tano Hemedi alilala mgongoni, kichwa kikipiga huku na huku kwa kila pigo. Maskini mutoto wangu. Anadhani dunia yote inatwangwa.

Emilienne alikuwa ameketi kivulini kwake, hatua thelathini kutoka mlangoni kwangu, anachoma maganda ya ngazi apate makala, huku anaimba nyimbo za koro ya kanisani. Akanisalimu vizuri sana. Akaniuliza ati Mama Hemedi, weye sasa ni mashine ya mtaa? Ati yeye pia anayo sombe yake, nikipata nafasi.

Nilihema tu.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Mbuzi!

Nilikuwa nimeanika maganda yote juu ya mkeka, mbele ya nyumba. Jua la Juni ni zuri, yalikuwa yamekauka mpaka yanalia ukiyagusa. Nikaingia ndani kumbadilisha Hemedi nepi. Muda wa nepi moja! Nikatoka, nikakuta mbuzi wanne wa Emilienne wameuzunguka mkeka kama wageni wa harusi. Wamebakiza kama sufuria mbili na nusu ya mkeka.

Nilipiga kelele. Emilienne akaja, akashika kiuno, akasema pole sana. Halafu akasema ati mbuzi wake hawali kitu kibaya, kwa hiyo nifurahi, maganda yangu iko mazuri. Nikamwambia mbuzi wake wamelelewa vibaya. Akasema ati wanakwenda kanisani kuliko watu wengine. Nikamwambia mimi ni Mwislamu. Akasema ndiyo, hata mbuzi wamejua.

Mama mkwe, Mama Djuma, akatoka na fimbo. Mbuzi wakakimbia. Emilienne naye akakimbia kidogo.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Odile anarudi Jumatano kupima. Ana vikaratasi vyembamba kama kucha. Unachovya ndani ya maji. Kikibaki njano, maji ni mazuri. Kikigeuka zambarau, madini yamo.

Mimi nina sufuria mbili za maganda. Inatakiwa nusu ndoo. Nimeyatwanga, nikaweka mchanga mwingi chini, maganda juu. Ukitazama kwa mbali ni ndoo ya kuheshimika. Lakini sikuthubutu kumwagia maji ya kijito. Yatapita tu na madini yake, kama watu wanavyopita sokoni bila kununua.

Nikakaa na Hemedi mapajani. Nikawaza. Kikaratasi hakijui maji yametoka wapi. Kikaratasi kinajua njano na zambarau tu.

Nikipitisha maji ya chemchemi ndani ya maganda haya, yatatoka safi.

Si uongo. Ni kutangulia. Maganda haya yatasafisha maji siku moja, yakiwa mengi. Mimi nitaonyesha mapema tu yatakavyofanya.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Chemchemi jana. Chemchemi leo. Naamka na adhana, namfunga Hemedi mgongoni, nachukua bidon mbili, moja yake ya kunywa na moja ya ndoo. Kupanda, kushuka, kupanda tena. Ninatembea saa mbili kila asubuhi ili nisitembee tena saa mbili kila asubuhi. Nimelifikiri jambo hili njiani na nimeona nisilifikiri.

Hemedi anafurahi lakini. Pale chemchemi anapiga maji kwa kiganja na kucheka mpaka meno yake mawili yanaonekana yote.

Leo wakati wa kurudi nikakutana na Emilienne anakwenda misa. Akaziangalia bidon. Moja ya Hemedi anaijua, lakini ya pili je? Nikamwambia ni ya kumwogeshea. Akasema ati huyu mutoto anaogeshwa kama bwana harusi. Nikasema ndiyo, ana upele. Akamtazama Hemedi, ngozi laini kama yai. Akaenda zake bila neno. Emilienne bila neno! Hilo ndilo lililoniogopesha.

Jumatano, tarehe 12 Juni

Ushindi!!

Mtaa mzima ulikuja. Odile akaanza kwa Emilienne. Akafungua robine, akachovya kikaratasi, tukangoja. Njano, njano, halafu zambarau kidogo pembeni. Odile akasema si mbaya hata kidogo, makala yanafanya kazi, yameondoa sehemu kubwa. Emilienne akasema ati kikaratasi kimekaa sana mfukoni.

Kisha kwangu. Maji yakatoka, yananukia ndizi kwa mbali. Akachovya. Tukangoja. Njano. Tukangoja tena. Njano kama kiini cha yai! Odile akachovya cha pili. Njano. Akaniuliza nimemwagia maji gani. Nikasema maji. Hilo ni kweli.

Akasema hajawahi kuona maganda machache yakifanya kazi kubwa hivi. Akataka niwaeleze wenzangu siri yake. Nikaeleza. Nilisema muda mrefu. Nilisema kwamba lazima kuyatwanga kwa moyo safi, na mtoto awe karibu. Sijui yalitoka wapi. Odile aliandika yote! Wakapiga makofi.

Pipa litafika Jumatatu, baada ya Idi. Nimeshachagua mahali, chini ya dirisha, Hemedi aweze kuligusa.

Odile akaniagiza niyatoe maganda yaliyotumika, nimtunzie, niweke mengine mapya. Nimeyatoa na kuyaanika juu ya mkeka mbele ya nyumba, kila apitaye ayaone. Sasa wananipa maganda bila kutwangiwa. Jina ni kitu kizuri.

Kesho chemchemi tena. Odile anaweza kupima Jumatatu pia.

Jumapili, tarehe 16 Juni

Idi! Hemedi amevaa kanzu iliyoshonwa na Mama Djuma kutoka shuka. Wali, samaki, na sombe. Lakini sombe ile! Laini, imelegea, inateleza yenyewe. Mama Djuma amekataa kusema amefanya nini. Ametabasamu tu na kusema ati wanawake wa siku hizi mnatwanga, hampiki.

Majirani wote wamekula. Emilienne amekuja na sahani yake mwenyewe, amekula, ameondoka, amerudi na sahani ileile. Akasema sombe iko sawa, ila yeye angetia samaki zaidi. Hemedi alilamba kidole changu. Halafu akakamata kijiko na kukitia chote kinywani. Mutu mukubwa sasa.

Kesho pipa. Moyo unacheza.

Jumatatu, tarehe 17 Juni

Nitaandika polepole.

Odile alifika asubuhi, pipa limefungwa nyuma ya pikipiki. Gérard alikuwepo, Emilienne pia, na wengine. Kabla ya kulishusha pipa, Odile akaomba maganda yangu yaliyotumika, akayatie ndani ya shimo la saruji.

Nikaenda kwenye mkeka. Mtupu. Nikawaangalia mbuzi. Mbuzi wakaniangalia.

Mama Djuma akasema, kwa majivuno kabisa, tusiwasingizie wanyama. Yeye ndiye aliyeyachukua. Tangu azaliwe hakuona maganda masafi kama yale, yameoshwa, yamekauka. Akayachoma, akayachuja majivu, akapata chumvi ya majivu kama aliyofundishwa na mama yake kule Kasongo. Ndiyo iliyolainisha sombe ya Idi. Je, hatukuona tofauti?

Odile akaketi chini. Chini kabisa, ardhini.

Akasema alitueleza siku ya kwanza: maganda yaliyotumika hayachomwi, hayapewi wanyama, hayatupwi shambani. Madini yote yaliyotoka kwenye maji yanakuwa yamekaa humo. Moshi wake ni mbaya na majivu yake ni mabaya zaidi.

Halafu Emilienne akashika koo, akasema Yezu wangu, sahani mbili!

Gérard akauliza watoto gani wamekula. Wote wakamtazama Hemedi. Akaandika karatasi ya hospitali ya Kasongo: Hemedi aende kwanza, leo hii, akachukuliwe damu. Nusu siku ya pikipiki. Mama Djuma akaanguka juu ya mkeka ule ule, analia ati amemuua mjukuu wake kwa kijiko chake mwenyewe. Mimi nilikuwa nalia sijui tangu saa ngapi. Nikakusanya kitambaa cha kikwembe, sabuni, kadi ya kupimia uzito. Nikamfunga mwanangu mgongoni, nikakaza, nikafungua, nikaona anapumua, nikakaza tena. Djuma akaja mbio kutoka kwenye mashimo, matope mpaka magotini. Mara ya kwanza katika ndoa yetu hakuuliza chakula. Akashika usukani wa pikipiki ya Odile. Akasema kwa sauti ndogo kwamba merkiri ile hataigusa tena.

Nikapanda. Mguu mmoja juu, mmoja chini.

Nikakumbuka.

Maganda yale hayajawahi kuona kijito! Hata siku moja! Hata tone!

Nilikuwa nimedanganya vizuri hivyo mpaka nikajidanganya mwenyewe. Nimelia mbele ya watu kwa sumu ambayo sikuitia.

Nikacheka. Sikuweza kujizuia. Gérard akamwambia Odile ati sumu imeshapanda kichwani.

Basi nikasimama pale, mguu juu mguu chini. Nikisema, pipa linakwenda. Nisiposema, nani atajua? Ningeweza kwenda Kasongo, kupimwa, kurudi salama, pipa chini ya dirisha. Niliwaza hivyo, siwezi kuficha humu. Lakini Mama Djuma alikuwa anapiga kifua pale chini na kumwomba Mungu amchukue yeye, amwachie mtoto.

Nikashuka. Nikasema yote. Sufuria mbili, mchanga, bidon ya pili, asubuhi kumi za chemchemi. Nikamwomba Mama Djuma ainuke, mjukuu wake amekula majivu ya ndizi tu.

Odile hakuniamini kwa maneno. Akachukua mabaki ya maganda yale ya kwanza, yaliyogandamana na mchanga ndani ya ndoo, akayaloweka, akachovya kikaratasi. Tukangoja. Sijawahi kupenda rangi kama nilivyoipenda ile njano.

Akachovya cha pili. Njano. Gérard akachana karatasi ya hospitali.

Mama Djuma akainuka, akamkamata Hemedi, akambusu miguu yote miwili. Akanikumbatia. Kisha akavua kandambili na kunikimbiza kuzunguka nyumba mara tatu. Djuma akacheka mpaka akakaa. Emilienne alikuwa analia na kucheka pamoja, akanishika mabega, akasema ati asante, weye mwongo mubaya, umeniokoa tumbo. Kisha akaniita Mama Chemchemi. Sasa mtaa wote unaniita hivyo.

Hemedi hana kitu. Hemedi hana kitu. Naandika mara mbili nione linavyokaa.

Jumanne, tarehe 18 Juni

Pipa limekwenda kwa Emilienne. Nililitazama likipita mbele ya dirisha langu.

Lakini Odile amefanya jambo. Ameweka makala ya Emilienne chini, na juu yake maganda ya ndizi, ndoo tatu nzima, maana mtaa umeleta. Akapitisha maji ya kijito. Ya kweli, mekundu, niliyateka mimi huku watu wawili wananisindikiza kuhakikisha. Kikaratasi: njano! Makala peke yake yalipwaya, mimi peke yangu nilidanganya, lakini pamoja yameweza. Emilienne akasema ati makala ndiyo yaliyofanya kazi. Nikasema ni maganda. Odile akasema tunyamaze.

Nikaomba apime tena. Akapima. Nikaomba mara ya tatu. Akapima bila kulalamika, yeye pia ana watoto.

Kisha Hemedi akanywa. Kikombe kidogo cha bati, kwa mikono miwili. Akamaliza, akateuka, akanipa kikombe kama mtu hotelini. Nikageuka nyuma kufuta macho.

Hatua thelathini. Nimehesabu. Si kilima. Djuma anasema ameiacha merkiri, na kwa mara hii naona anasema kweli, maana ananung'unika.

Odile aliniita pembeni. Nilidhani ni kandambili nyingine. Akasema mwanamke anayepanda kilima asubuhi kumi akiwa na mtoto mgongoni si mvivu, ila nguvu zake zimeshika njia mbaya. Hana mwingine wa kuandika hapa. Mimi nimemaliza darasa la sita, Emilienne la nne. Kwa hiyo daftari la pipa ni langu! Mimi! Nimeapa mbele ya Gérard.

Jumatatu, tarehe 24 Juni

Odile amerudi Kasongo mpaka mwisho wa Agosti. Ameniachia daftari lenye mistari na kopo la vikaratasi. Kila Jumatatu nichovye, niandike rangi. Zambarau ikitokea tu, pipa linafungwa palepale, maganda yanabadilishwa, na mtaa wote unarudi chemchemi mpaka yeye aje kupima.

Leo nimekwenda. Njano. Nikaandika vizuri, kwa herufi za shule.

Lakini kwenda kule! Emilienne amekalia kiti kando ya pipa kama polisi wa mpaka. Akaniuliza ati Mama Chemchemi, kikaratasi hicho umekileta kutoka kilimani? Mbuzi wake wakanisindikiza mpaka nje. Kila Jumatatu, hivi, mpaka Agosti?

Nikarudi nyumbani, nikamlaza Hemedi, nikafungua daftari la pipa. Maji ni mazuri, tumeona wote. Yatabadilika kwa nini? Nikachora mistari, nikaandika tarehe, nikajaza Jumatatu zote mpaka Odile arudi. Njano, njano, njano. Robo saa tu. Kazi ya miezi miwili imekwisha, na mtoto bado amelala, amefungua mikono yote miwili kwa raha.

Nikaisoma tena. Njano tupu kutoka juu mpaka chini. Odile si mjinga, ataona imetungwa. Basi Jumatatu ya tarehe 22 Julai nimeweka zambarau kidogo.

Sasa inaonekana ya kweli kabisa. Gérard amepita, nikamwonyesha ukurasa wa leo, akanisifu kwa mwandiko, akaliomba daftari akalisome lote nyumbani kwake. Nimempa lote, na Jumatatu zake zote mpaka Agosti.